Gari kuukuu la pauni 250 na siri ya uvimbe wa taya

Februari 2024, Sir Anthony Epstein alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 102. Jina lake linaishi katika virusi vya Epstein-Barr, vya kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Maabara yake ilikuwa London, ila nyama aliyoihangaikia kwa miaka 2 bila mafanikio ilikuwa ikisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Ilikatwa kwenye mataya ya watoto wa Uganda, na majina ya watoto hao hayamo katika istilahi yoyote ya tiba.

Makala haya yanairudia njia ile kutoka mwisho wake wa Kampala. Kwa sehemu kubwa nimeegemea simulizi la Bernard Glemser, aliyechapisha kitabu kuhusu Denis Burkitt mwaka 1970. Msomaji akiona nimelipenda mno gari la Burkitt, mimi na Glemser tugawane lawama.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Albert Cook, daktari wa misheni aliyefika Mengo, Kampala, mwaka 1897, aliacha kumbukumbu za wagonjwa wenye uvimbe wa taya. Akina mama wa ukanda wa Ziwa Victoria waliujua kabla yake: jino la mtoto linalegea kabla ya wakati wake, shavu linaanza kufura, jicho linasukumwa nje, na katika wiki chache mtoto hayupo. Seli za uvimbe huu huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Ni vigumu kutaja saratani nyingine ya binadamu inayokwenda kwa kasi hiyo.

Mwaka 1957, Hugh Trowell, daktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alimwita Burkitt wodini amtazame mvulana wa miaka 5. Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland Kaskazini, mlokole, mwenye jicho moja tangu utotoni. Alikuta taya limevimba pande zote mbili, juu na chini. Jipu halikai hivyo, na saratani alizozijua hazikukaa hivyo. Hakuwa na jibu. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso ule ule. Mara ya kwanza aliuona kama mkasa, lakini mara ya pili alianza kuhesabu. Alifukua mafaili ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha taarifa ya watoto 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Wachache sana waliishughulikia.

Wapatholojia wa Kampala, Jack Davies na Greg O'Conor, ndio waliotambua kuwa huu haukuwa uvimbe wa mfupa. Ilikuwa limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu. Burkitt alirudi kwenye swali lake: kwa nini huku na si kule? Alituma mamia ya vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za bara zima, na kila jibu likawa alama kwenye ramani. Ukanda ukajitokeza ukipita katikati ya Afrika, na mkia ukishuka pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Ukingo wa ukanda ule ulikuwa na sababu gani? Barua hazingeweza kumwambia. Ilibidi aende.

Oktoba 1961 aliondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, madaktari wa misheni. Gari lilikuwa Ford ya mwaka 1954, lililonunuliwa mkononi kwa pauni 250. Williams, aliyekuwa akitibu Kuluva huko West Nile, alikuwa fundi wa magari vilevile, na yeyote aliyewahi kusafiri na gari kuukuu kwenye barabara za vumbi atajua kwa nini sifa hiyo ilikuwa na uzito kama stethoskopu. Bajeti ilikuwa ndogo mno. Safari nzima, gari likiwamo, iligharimu pauni 678. Leo kuna semina za siku mbili hotelini zinazokula zaidi ya hapo kwa chai na vitafunwa, na haziachi hata ramani.

Kwa wiki 10 walikwenda maili 10,000, yaani kilomita 16,000 hivi: Tanganyika, Nyasaland, Msumbiji, Rhodesia, hadi Johannesburg, kisha wakageuza. Bara lilikuwa likibadilika mbele ya macho yao; Tanganyika yenyewe ilikuwa inahesabu wiki kufikia Uhuru wa tarehe 9 Desemba. Wao walikuwa na swali moja tu. Wanaingia hospitali ya misheni au ya serikali, wanatoa picha, wanauliza: umewahi kumwona mtoto wa namna hii? Aliyejibu ndiyo aliulizwa mtoto alitoka kijiji gani, na kijiji kiko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Waliuliza hivyo katika hospitali zinazokaribia 60.

Mwanzoni Burkitt aliamini kwamba kikwazo ni mwinuko. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mita 1,500 hivi. Kadiri gari lilivyoteremka kusini ndivyo kikomo kilivyoteremka nacho, na huko Msumbiji hata mita 300 zilikuwa nyingi. Mlima hauwezi kujua uko kusini au kaskazini, lakini baridi inajua. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya virusi ya Entebbe na mtaalamu wa mbu, aliisoma ramani ile kwa jicho la fani yake. Ugonjwa haukukaa mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 hivi, wala palipo na ukame. Joto na mvua ndivyo vinavyomlea mbu, kwa hiyo ramani ya Burkitt ilianza kufanana na ramani ya magonjwa ya mbu.

Hapo kila mtu akamkimbilia mbu anayebeba virusi vya saratani. Walikosea, na kosa lenyewe likawafaa.

Epstein alikuwa amemsikia Burkitt akihutubia London, Machi 22, 1961, kabla hata ya safari. Alitoka ukumbini ameshaamua kutafuta virusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kupaa kutoka Kampala, na kwa muda mrefu hadubini ya elektroni haikuonyesha kitu. Desemba 1963 ukungu ulifunga kiwanja cha London, ndege ikaelekezwa Manchester. Kichupa kilipofika hatimaye, maji yake yalikuwa na ukungu pia. Mtu mwingine angedhani bakteria wameingia akamwaga. Epstein alitazama tone moja akakuta seli hai za saratani zikielea peke yake, zimejitenga na nyama. Seli hizo zikakuzwa maabara, na Februari 1964 akaviona virusi ndani yake. Kwa furaha, alizima hadubini akatoka nje kutembea kwenye theluji. Taarifa iliyotoka mwezi uliofuata ilisainiwa na watatu: Epstein, Bert Achong wa Trinidad, na Yvonne Barr. Jina la virusi likawachukua wawili, Achong akaachwa njiani. Nyuma yake waliachwa wengine wengi.

Baadaye ikaja fedheha ndogo: virusi vile huenezwa kwa mate, mbu hahusiki, na watu wazima zaidi ya 90 katika kila 100 duniani wanavyo. Kama kila mtu anavyo, kwa nini wanaougua ni watoto wa ukanda ule wa Afrika? Mtafiti Gilbert Dalldorf akarudi kwa mbu kwa mlango mwingine, akainyooshea kidole malaria yenyewe. Unguja na Pemba, kulikokuwa na kampeni ya kuidhibiti tangu miaka ya 1950, zilikuwa doa jeupe kwenye ramani ya Burkitt licha ya joto la huko.

Jibu la ndani kabisa lilipatikana mwaka 1982, nalo ni habari ya protini moja, MYC. Seli haijigawi kwa kupenda kwake. Ujumbe hufika kwenye utando wake, kisha protini hupokezana mkono kwa mkono, kama watu wanaopitishiana ndoo nyumba ikiungua, hadi kwenye kiini. Huko ndani MYC ni nyapara. Akipata ujumbe huamsha mamia ya jeni: kaza, ongezeka. Nyapara huyu hapewi muda mrefu. Katika nusu saa hivi huvunjwavunjwa, na kelele inakoma.

Katika uvimbe wa Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 kinakatika na kuunganishwa, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14. Jeni ya MYC inajikuta jirani na jeni inayotengeneza kingamwili, ambayo katika chembe hizi nyeupe za damu haizimwi kamwe. Nyapara anahamishiwa nyumba isiyozima taa. Anavunjwa, anazaliwa mwingine, anapiga kelele ile ile, hata pasipokuja ujumbe wowote. Malaria inazifanya chembe hizi zijigawe mfululizo na kukatakata jeni zao ili ziunde kingamwili bora, na mkasi hukosea. Seli iliyoharibika hivyo kwa kawaida hujiua, lakini virusi vya Epstein-Barr huizuia isife. Basi ramani ya 1961 ilikuwa sahihi, ila ilichora nusu ya kisa.

Tanzania nayo ina ukurasa wake. Kuanzia 1977 hadi 1982, North Mara, eneo la Hospitali ya Shirati, watoto walipewa klorokwini ili ionekane kama malaria ikipungua uvimbe nao utapungua. Ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kushuka kabla ya vidonge, na malaria ikaizoea dawa. Jibu likabaki limening'inia.

Tiba haikungoja jibu. Dozi chache za saiklofosfamaidi ziliufanya uvimbe uyeyuke kama barafu juani, na mwaka 1967 Kampala ikapata kituo chake cha limfoma, ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Madaktari wa Kimarekani waliokuwa wakikiendesha walipoondoka enzi za Idi Amin, daktari Charles Olweny aliishika taasisi. Burkitt alishaondoka mwaka 1966, na akapata umaarufu wa pili kwa kuwahimiza Wazungu wale makapi ya nafaka.

Miaka iliyofuata ina majina mengi ya jeni na habari chache za watoto. Dawa ipo Kampala, Kisumu na Hospitali ya Bugando, Mwanza, lakini mtoto hufika amechelewa, jino limeng'olewa mara mbili kwenye zahanati na shavu limechanjwa chale. Anayeshindwa hapo si MYC. Tunashindwa sisi wenye nauli, simu na barabara ya lami, kufanya kilichofanywa na watu watatu wenye gari bovu: kuibeba picha hadi kwenye mlango wa zahanati, tukamwonyesha mganga na muuguzi, tukauliza: umewahi kumwona mtoto wa namna hii?