Khiyari ya Mnunuzi na Gari Jipya Lenye Ila

Katika miaka iliyofuata 2017, kwenye vituo ambako kampuni ya Tesla ya Marekani ilikuwa ikiwakabidhi watu magari yake mapya ya umeme, ilienea desturi ambayo wauza magari wa zamani hawakuizoea: mnunuzi aliyekuja kuchukua gari lake alifika na orodha mkononi na kurunzi mfukoni, akalizunguka taratibu, akaupima kwa kidole mwanya ulio baina ya mlango na ubavu, akatazama kama rangi imeenea sawasawa na kama taa hazina unyevu ndani yake, na alipokuta ila asiyoweza kuistahimili akakataa kutia sahihi, akarudi kwake bila ya gari. Wako waliowaona watu hao kuwa ni wakaidi, wenye kukosa shukrani kwa chombo kipya ambacho wenzao walikuwa wangali wanakingoja. Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Kukataa kitu chenye ila, mbele ya muuzaji na kabla ya kukipokea, ni haki kongwe ya biashara, na anayeitumia hajitendei hisani peke yake.

Hapa pwani, ambapo makadhi walihukumu kwa madhehebu ya Imamu Shafii, haki hiyo ilikuwa na masharti yake karne nyingi kabla ya gari la kwanza kushushwa Mombasa au Unguja. Katika Minhaj al-Talibin, kitabu cha Imamu Nawawi wa Sham aliyefariki mwaka 1277, ambacho makadhi hao walikitegemea sana, ila inayompa mnunuzi khiyari ya kurudisha alichonunua imeelezwa kuwa ni ile inayopunguza kitu chenyewe au thamani yake hata mnunuzi akakosa makusudio yake ya haki, maadamu bidhaa za jinsi ile aghalabu husalimika nayo. Fauka ya hayo, ila hiyo sharti iwe ilikuwapo kabla ya mnunuzi kukabidhiwa, na akiivumbua asikawie kurudisha, kwani anayenyamaza na kuendelea kukitumia kitu baada ya kuijua ila yake huhesabiwa kuwa ameridhika. Na ipo habari mashuhuri, iliyopokewa na Imamu Muslim, ya Mtume kupita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vikakuta unyevu ambao juu haukuonekana. Mwenye nafaka alipotoa udhuru wa mvua, aliulizwa kwa nini asiiweke juu ile iliyorowa watu wapate kuiona. Katika habari hiyo mna mizani yote ya shauri hili, maana muuzaji amewajibishwa kudhihirisha, na mnunuzi ameruhusiwa kutia mkono.

Wala haikulazimu kila mara kwenda kwa kadhi. Baada ya mapatano ya mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem walileta Unguja kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts, ambacho watu wa pwani na wa bara walikiita merikani, na wanunuzi wakakijua kwa uzito wake na kwa kukipapasa. Viwanda vya Uingereza vilipokiiga kwa bei nafuu, wanunuzi kwa muda mrefu walikipendelea kile cha asili, na msafara uliokwenda bara na kitambaa kisichotakiwa, au na ushanga ambao wenyeji wameuchoka, uliweza kujikuta na mizigo isiyopata mtu wa kuipokea. Hivyo mnunuzi wa Unyamwezi, asiyepata kuiona Salem wala Manchester, aliwatia adabu wenye viwanda wa ng'ambo ya bahari kwa njia moja tu, nayo ni kukataa.

Warumi nao walikuwa na kanuni ya namna hiyo katika masoko yao, wakimpa mnunuzi wa mtumwa au wa mnyama mwenye ila iliyofichwa muda wa miezi 6 wa kurudisha. Lakini Uingereza ilichelewa. Mwaka 1603 mahakama ya huko ilimsikiliza mtu aliyenunua kwa pauni 100 jiwe alilouziwa kama bezoari, yaani lile litokalo tumboni mwa mnyama, ambalo watu wa zama hizo walidhani huponya sumu, kumbe silo. Na mahakama ikaona kwamba maadamu muuzaji alisema tu kuwa ndilo, bila ya kulitolea dhamana, mnunuzi hana la kudai. Kwa kanuni hiyo mnunuzi alitakiwa awe na macho makali kuliko ulimi wa muuzaji. Biashara ya meli ndiyo iliyoibomoa, kwa kuwa mtu hawezi kuchungua mali iliyo bado baharini. Mwaka 1868 mahakimu wa London waliamua kesi ya katani ya Manila ambayo ilikuwa imerowa maji ya chumvi, ikakaushwa na kufungwa upya, na wakampa haki mnunuzi, wakisema kwamba aliyenunua pasipo kuona anastahiki kupata kitu kinachouzika kwa jina lake. Sheria ya Kuuza Bidhaa ya mwaka 1893, iliyoandikwa na Mackenzie Chalmers, ikayakusanya hayo: bidhaa ziwe na ubora wa kuuzika, na mtu asihesabiwe kuwa amepokea mpaka apewe nafasi ya kutosha ya kuzichungua. Sheria hiyo ilichukuliwa Kenya na Tanganyika takriban kama ilivyo katika miaka ya mwanzo ya 1930, na kwa njia hiyo ikatufikia kutoka Ulaya kanuni ambayo kwa sehemu kubwa tulikuwa nayo.

Gari liliitia sheria hiyo katika mtihani mkubwa, kwa sababu ni chombo chenye maelfu ya vipande, na ila zake nyingi ni ndogo ndogo zisizolizuia kwenda. Je, mtu akatae gari zima kwa sababu ya rangi iliyokwaruzika? Katika miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilijibu suala hilo katika kesi ya Range Rover lililokuwa na kasoro za injini, giaboksi na bodi, ikasema kwamba mnunuzi wa gari jipya hanunui uwezo wa kutoka mahali hadi mahali tu, bali hununua pia raha ya kuendesha, yakini ya kufika, na fahari ya sura ya gari kwa kadiri ya bei aliyolipa. Katika kipindi hicho hicho, walakini, hakimu mwingine alimkatalia mtu ambaye injini ya gari lake jipya la Nissan ilikwama baada ya wiki tatu na maili 140 hivi: alikiri kwamba gari halikuwa na ubora uliostahiki, lakini akasema muda wa kulirudisha umekwisha kupita, na kilichobaki ni fidia. Uchungu wa hukumu hiyo ulidumu, na Bunge likarekebisha mambo kwa hatua mbili. Mwaka 1994 likataja waziwazi kwamba sura, umaliziaji na kusalimika na kasoro ndogo ni sehemu za ubora, na mwaka 2015 likampa mnunuzi siku 30 za kukataa.

Huko Marekani kesi inayokumbukwa ni ya New Jersey. Mwezi wa Februari 1967 mtu mmoja alinunua Chevrolet mpya akalipa kwa hundi. Mkewe alipokuwa akilipeleka nyumbani, gari lilianza kuzimika kabla hata ya maili moja kwisha, na mwisho halikuweza kwenda ila kwa gia ya chini kabisa. Mnunuzi akaizuia hundi benki mara moja, akaarifu kwamba mauzo yamebatilika. Muuzaji alitengeneza gari kwa giaboksi aliyoitoa katika gari jingine la dukani, akalitaka lipokewe. Mnunuzi akakataa tena, wakafika mahakamani. Hukumu ya mwaka 1968 ilikuwa kwamba kuchungua gari si kulitazama tu uwanjani, bali ni pamoja na kuliendesha mwendo mfupi, na kwamba imani ya mnunuzi ikishatikisika, haimlazimu kuridhika na kiraka. Mwaka 1982 jimbo la Connecticut likatangulia kuweka sheria ya kumlazimisha mtengenezaji kubadili gari jipya lisilotengenezeka au kurudisha fedha, na majimbo mengine yakafuata.

Sasa turudi kwa gari la umeme, na kwa jengo moja lililoko Fremont, California, ambalo habari zake zatosha kuwa somo. Kampuni ya General Motors iliunda magari humo tangu miaka ya 1960 hadi mwaka 1982, na mwisho wake jengo hilo lilisifika kwa ubaya wa kazi na utoro wa wafanyakazi. Mwaka 1984 Toyota ikaingia ubia na General Motors, wakaajiriwa wengi wa wafanyakazi wale wale, baadhi yao wakapelekwa Japani kujifunza, na kila mmoja akapewa ruhusa ya kuvuta kamba na kusimamisha mstari mzima wa kazi akiona kosa. Haukupita muda mrefu magari ya jengo lile yakalingana kwa ubora na yale ya Japani. Watu hawakubadilika, kilichobadilika ni kwamba sasa mfanyakazi aliruhusiwa kukikataa kipande kibovu alichopelekewa na mwenzake, na khiyari ile ile ya sokoni ikawa imeingia kiwandani.

Ubia huo ulikwisha mwaka 2010, na Tesla ikalinunua jengo kwa dola milioni 42. Mwezi wa Machi 2016 ilipoonyesha gari lake la Model 3, watu zaidi ya 300,000 waliweka amana ya dola 1,000 katika wiki moja tu, wengi wao hawajaligusa gari lenyewe. Magari ya kwanza yalikabidhiwa Julai 2017, na azma ya kuunda 5,000 kwa wiki ilitimia mwishoni mwa Juni 2018 kwa kuongeza mstari mwingine wa kazi chini ya hema nje ya jengo. Kasi hiyo ilikuwa na gharama. Mwanzoni mwa 2018 Sandy Munro, mhandisi wa Michigan anayejulikana kwa kufumua magari na kuyachambua, aliikosoa vikali mianya isiyolingana ya bodi. Katika uchunguzi wa kampuni ya J.D. Power wa mwaka 2020 wenye magari ya Tesla walitaja matatizo 250 kwa kila magari 100, ilhali wastani wa magari yote ulikuwa 166. Na mwaka 2021 mkuu wa kampuni, Elon Musk, alikiri mbele ya Munro kwamba kasi ilipozidishwa rangi haikupata muda wa kutosha wa kukauka, akasema kwamba yeye huwashauri rafiki zake wanunue gari la mwanzo kabisa au wangoje mpaka kazi itulie.

Yafaa tuseme kwa insafu kwamba betri na mota za magari hayo zilisifiwa na wengi, Munro mwenyewe akiwamo, na kwamba wanunuzi wengi walipokea magari yasiyo na dosari. Walakini kizuri chajiuza, na humo ndimo hatari ilimo, kwa kuwa kinachojiuza hakina wa kukichungua. Tesla iliuza moja kwa moja kwa mnunuzi, hivyo hakukuwa na wakala wa kulikagua gari kwa jicho la pili na kuliona kosa kabla yake. Na Oktoba 2020 iliiondoa ruhusa iliyokuwa imeitoa ya kurudisha gari ndani ya siku 7. Kwa hiyo uzito wote ukaiangukia saa ile ya makabidhiano, wakati ambapo mnunuzi amekwisha kungoja miezi, furaha imemjaa, na anaambiwa apokee tu, kilichobaki kitatengenezwa baadaye. Kuahidiwa matengenezo ni jambo jema, lakini aliyepokea amekwisha toa fedha na hana tena cha kuzuilia, na tumeona jinsi makadhi wa Shafii na mahakimu wa London, pasina kuulizana, walivyoafikiana kwamba aliyekaa na kitu na kukitumia haki yake hupungua.

Magari ya umeme yameanza kufika Nairobi na Dar es Salaam, na yatazidi. Atakayeyanunua na ajue kwamba haki ya kuchungua ni yake kwa fikihi na kwa sheria ya nchi, ayatazame mchana, ayaendeshe kidogo, aandike kila ila kabla ya sahihi yake, na ikiwa ila ni kubwa asione haya kukataa, maana hakuna ugomvi katika kukataa. Anayekataa kwa adabu na kwa hoja hamdhulumu mtu. Humrudishia mwenye kiwanda kazi iliyo yake, na humwepushia mnunuzi ajaye taabu ambayo chanzo chake asingalikijua.