Sauti za Usiku na Mchana Katika Redio ya Waingereza

Wengi wetu tumeijua BBC kwa Kiswahili chake, kilichoanza kusikika kutoka London tarehe 27 Juni 1957. Lakini Waingereza wana stesheni yao ya maneno, iitwayo Radio 4. Ilipata jina hilo tarehe 30 Septemba 1967. Kabla ya hapo iliitwa Home Service, nayo ilianza tarehe 1 Septemba 1939, siku ile majeshi ya Ujerumani yalipoingia Poland. Muziki humo ni haba. Ni habari, mashauri, hadithi na maombi, tangu alfajiri hata usiku wa manane. Mgeni akisikiliza siku nzima, huenda akadhani mambo hayo yamerundikwa tu kama bidhaa za gulioni. Sivyo. Ukiuliza asili ya vipindi vile, mara nyingi utakuta nyuma yake shida iliyowapata watu.

Na tuanze usiku, saa saba kasoro dakika 12, ambapo husomwa hali ya bahari. Msomaji hutaja sehemu 31 za bahari zinazozunguka visiwa vile, kwa utaratibu usiobadilika, Viking kwanza. Na kwa kila sehemu husema upepo watoka wapi, nguvu yake kiasi gani, mvua ipo au haipo, na macho yafika umbali gani. Hana ruhusa ya kupamba, maana maneno yake yamehesabiwa. Watu wasio na hata mtumbwi husikiliza vitandani mwao, wakapata usingizi.

Lakini maneno hayo hayakuzaliwa kwa ajili ya usingizi. Tarehe 26 Oktoba 1859 merikebu Royal Charter, ikirudi kutoka Australia na abiria wake na dhahabu yao, ilivunjwa na tufani katika miamba ya Anglesey, nchi ya Wales. Walikufa watu zaidi ya 400, karibu kabisa na nchi kavu. Robert FitzRoy, nahodha wa zamani aliyesimamia ofisi ya serikali ya hali ya hewa, aliona ya kuwa tufani huwa na dalili zake, na ya kuwa simu ya waya hukimbia upesi kuliko upepo. Basi tangu 1861 akapeleka maonyo bandarini kwa simu, na huko alama zikatundikwa mlingotini ili mabaharia wazione. Alipokosea alidhihakiwa, kama ilivyo desturi ya watu walio salama. Redio ilipokuja, maonyo yakawafuata hata wale waliokwisha tweka. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 yalinyamazishwa, kwa kuwa adui naye ana masikio.

Asubuhi huja kipindi cha habari kiitwacho Today, kilichoanza 1957. Ibada ya kila siku ni ya zamani zaidi: ilianza tarehe 2 Januari 1928, kwa sababu mwanamke mmoja, Kathleen Cordeux, hakuchoka kuwaandikia wakuu wa BBC kuiomba, mwaka 2024 ikahamishiwa stesheni nyingine, Radio 4 Extra. Saa ya wanawake, Woman's Hour, ilianza Oktoba 1946 katika stesheni nyingine, ikahamia Radio 4 mwaka 1973. Twacheka kidogo tukikumbuka ya kuwa msimamizi wake wa kwanza alikuwa mwanamume. Hakukaa sana.

Jioni watu hukaa kusikiliza The Archers, mchezo wa wakulima wa kijiji cha Ambridge, kisichopatikana katika ramani yo yote. Ulianza kusikika nchi nzima tarehe 1 Januari 1951. Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha, lakini chakula kiligawiwa kwa kipimo mpaka 1954. Godfrey Baseley aliutunga kwa shauri la wizara ya kilimo, ili mkulima apate maarifa ya mbegu na mifugo huku akifuata mambo ya jirani zake wa kubuni. Ulimwingia mtu moyoni kuliko hotuba. Usiku wa tarehe 22 Septemba 1955, mmoja wa wanakijiji hao, Grace Archer, alikufa katika moto wa zizi la farasi. Na watu wakamlilia mwanamke ambaye hakupata kuishi, wengine wakatuma maua.