Picha ya Korem na Jina la Hajiri

Tarehe 23 Oktoba 1984, televisheni ya BBC ilionyesha njaa ya Korem, Ethiopia. Aliyepiga picha hizo ni Mohamed Amin, Mkenya. Dunia ililia, ikachanga mamilioni, na wengi wakaokolewa. Lakini nyuso zile hazikuwa na majina, na vita vilivyozidisha njaa havikutajwa sana. Machoni pa wengi ng'ambo, mtoto mwenye njaa akawa sura ya Afrika nzima.

Kule jangwani, Hajiri aliitwa kwanza kwa jina, akaulizwa atokako na aendako. Hapa Iringa, dayosisi yetu na Walutheri wa Minnesota huuita ushirikiano wao Bega kwa Bega. Basi mgeni akiinua kamera usharikani, tumweleze pia mtoto huyu ni nani, shida imetoka wapi, na sisi wenyewe tumechanga nini.