Maji Moto katika Nyumba Kongwe za London

Katikati ya karne ya 19, maji ya kuoga katika nyumba za wenye nafasi jijini London yalichemshwa jikoni na kupandishwa ghorofani kwa mikono. Mtumishi wa kike alibeba makopo mazito ngazi baada ya ngazi, akayamimina katika beseni mbele ya moto wa chumba cha kulala, kisha akayateremsha tena yakiwa machafu.

Mzigo huo ulianza kupungua pale birika la chuma lilipojengewa nyuma ya jiko la makaa ya mawe na kuunganishwa na tangi kwa mabomba. Maji yakipata moto huwa mepesi, hivyo yalipanda yenyewe na ya baridi yakashuka kushika nafasi yake, bila pampu. Hatari ilikuja na baridi kali. Mabomba yalipoganda usiku, mvuke ulikosa pa kutokea. Mpishi akiwasha jiko alfajiri, birika liliweza kupasuka na kuua waliokuwa karibu. Ndiyo sababu ya vali ya usalama, na ya bomba la kupumulia linaloinuka hadi juu ya tangi la darini. Bomba hilo bado lipo katika nyumba nyingi, na asiyejua kazi yake asiliguse.

Mwaka 1868 Benjamin Waddy Maughan alipata hataza ya hita ya gesi iliyopewa jina la Geysir, chemchemi ya maji moto ya Iceland. Maji yalipita katikati ya hewa ya moto iliyotoka kwenye ndimi za gesi, yakafika bafuni yakiwa tayari. Mtu aliweza kuoga maji moto bila kuwasha jiko. Lakini hita hiyo haikuwa na dohani. Moshi wake ulibaki bafuni, mahali padogo palipofungwa kuzuia baridi, na kaboni monoksidi iliyomo huua bila rangi wala harufu. Kuitengenezea hewa hiyo njia ya kutoka nje lilikuwa jambo la uhai kuliko kasi ya kupasha maji.

Katika miaka ya 1930 zilienea hita ndogo za gesi zenye chapa ya Ascot, zilizotokana na muundo wa kampuni ya Junkers ya Ujerumani, zikining'inia juu ya sinki za jikoni. Kisha, kati ya 1967 na 1977, Uingereza iliacha gesi iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe na kuingia gesi asilia ya Bahari ya Kaskazini. Mafundi walipita nyumba kwa nyumba, kwa wateja milioni 13 hivi, wakibadilisha vichomeo, kwa kuwa gesi mpya ilihitaji hewa nyingi zaidi ili iungue vizuri.

Boila ya kisasa inayopasha maji papo hapo haina haja ya tangi la darini wala silinda ya shaba ya kutunzia maji moto kabatini. Hutegemea msukumo wa bomba la mtaa, na hapo ndipo ukongwe wa nyumba hujitokeza. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1970 huenda bado zinaletewa maji kwa bomba jembamba la risasi. Boila mpya ikifungwa hapo, shawa hutiririka kinyonge, na risasi yenyewe ni sumu. Bomba la gesi nalo mara nyingi hulazimika kupanuliwa. Tangu 2005 kanuni za England na Wales zimetaka, isipokuwa kwa sababu maalumu, boila inayonasa joto la mvuke wa moshi wake. Mvuke huo hugeuka maji yenye asidi, ambayo yangekula matofali ya dohani ya kale. Kwa hiyo moshi hupitishwa ukutani kwa bomba la plastiki, na maji hayo huelekezwa kwenye mfereji wa maji machafu.

Silinda ilipoondolewa, kabati lake, lililokuwa likikausha mashuka kwa joto la maji, liligeuzwa rafu za kawaida. Sasa pampu za joto zinazotumia umeme zinaingia majumbani, nazo hupasha maji polepole na kuhitaji silinda ya kuyatunza. Fundi anayeleta pampu hiyo katika nyumba kongwe huanza kwa kutafuta pa kuirudisha silinda.