Pancha Kule Doolough

Kuna mambo mawili ambayo waendesha baiskeli wa Ireland watakuambia hata kabla hujauliza. La kwanza, manyunyu ya huko hayahesabiwi kuwa mvua. La pili, barabara tamu kuliko zote ni ile isiyo na mtu. Nilikaa huko wiki tatu kwa binamu yangu anayefanya kazi Dublin, akaniazima baiskeli yenye matairi membamba kama kidole gumba, na kila niliyemuuliza nielekee wapi alinijibu vilevile: nenda Wicklow, nenda Mayo, nenda Antrim. Huko magari ni machache. Huko hakuna watu.

Ilinichukua siku kadhaa kuuliza swali la kawaida tu: kwani watu walienda wapi?

Tuanze na Wicklow, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mji. Unatoka Rathfarnham, kusini mwa Dublin, unapanda, na baada ya muda nyumba zinaisha ghafla. Inabaki lami nyembamba juu ya ardhi nyeusi yenye majimaji, ile ambayo Waairishi huikata vipande, wakaikausha na kuiwasha kama kuni. Barabara hii inaitwa R115 kwenye ramani na inapita kwenye njia panda ya Sally Gap. Inavyopanda ni kwa upole wa ajabu. Huhitaji kusimama juu ya pedali kila dakika. Nikadhani ni ukarimu wa wahandisi. Wapi! Upole ule ulikuwa wa kuwasaidia askari.

Wenyeji wanaiita hadi leo Barabara ya Jeshi. Mwaka 1798 Waairishi waliasi dhidi ya utawala wa Waingereza, wakashindwa vibaya, na baadhi ya waliosalia wakakimbilia milima hii. Aliyewasumbua wakubwa zaidi ni Michael Dwyer, kijana wa hapohapo aliyejua kila bonde. Serikali ikafikia uamuzi ambao serikali nyingi hufikia: mlima usio na barabara ni mlima usioutawala. Kazi ikaanza 1800 chini ya mhandisi Alexander Taylor, wachimbaji wakiwa wanajeshi wenyewe, na kambi zikajengwa Glencree, Laragh, Glenmalure na Aghavannagh. Ilikamilika 1809. Dwyer alikuwa amejisalimisha tangu Desemba 1803 na kupelekwa Australia. Yaani barabara ilimalizika wakati mtu iliyemlenga yuko upande wa pili wa dunia. Kambi ya Glencree leo ni kituo cha amani na maridhiano, na wikendi utakuta baiskeli zimeegeshwa karibu na hapo, wenyewe wakinywa chai.

Hiyo ya Wicklow naweza kuicheka kidogo. Ya Mayo siwezi.

Mayo iko magharibi, upande wa Atlantiki. Barabara ya R335 inatoka mji mdogo wa Louisburgh, inaelekea kusini, inapita kando ya ziwa Doolough lililobanwa na milima pande zote mbili, mpaka Delphi. Ni sehemu ya Wild Atlantic Way, njia ya watalii ya kilomita 2,500 hivi iliyozinduliwa 2014, na sio siri, ni mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kuendesha baiskeli. Nilipita saa nzima bila kukutana na gari. Halafu, kabla ya kulifikia ziwa, nikasikia ule mlio ambao kila mtu wa baiskeli anaujua. Pancha. Nikaivuta baiskeli hadi kwenye jiwe moja kando ya barabara, na nilipoinua macho nikaona kwamba jiwe lenyewe ni msalaba wa ukumbusho.

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye mashamba ya viazi ya Ireland. Viazi ndivyo vilivyokuwa mlo wa maskini, na kwa wengi ndio mlo pekee, kwa sababu kodi ya ardhi ilimeza kila kitu kingine. Serikali ya London ilinunua mahindi Marekani. Ndiyo, mahindi. Watu hawakuyajua, yalisagwa vibaya, hakuna aliyewafundisha kupika, na matumbo yakawauma. (Mtu aliyekulia kwenye ugali huisoma habari hiyo mara mbili.) Kisha ikaja kazi ya umma: ukitaka kula, vunja mawe, jenga barabara. Ukikumbuka Kazi Mtaani utalielewa wazo lenyewe, ila usilinganishe zaidi ya hapo. Kufikia Machi 1847 zaidi ya watu 700,000 walikuwa kwenye kazi hizo, wengi wakiwa wagonjwa, wakilipwa ujira ambao haukufuata bei ya chakula. Na kwa kuwa wakubwa waliogopa kazi ile isije ikamnufaisha tajiri fulani binafsi, barabara nyingine zilijengwa mahali ambapo hakuna aliyezihitaji. Zinapanda mlima, kisha zinakoma. Bado zipo. Zinaitwa barabara za njaa.

Barabara hizo zilipoachwa, misaada ikawekwa chini ya sheria ya maskini, na maskini akatakiwa kuthibitisha kwamba kweli ni maskini. Tarehe 30 Machi 1849 wakaguzi wawili walitarajiwa Louisburgh. Mamia ya watu walikusanyika kukaguliwa ili majina yao yasifutwe. Wakaguzi wakaondoka kwenda kulala kwenye nyumba ya mapumziko ya Delphi, kilomita 19 hivi kutoka hapo, wakaacha agizo: mje kesho, saa moja asubuhi. Asiyefika hatapata chakula.

Walitembea usiku, kwenye baridi, watoto wakiwa mgongoni. Wengine hawakufika na wengine walianguka njiani wakirudi. Barua iliyochapishwa gazetini baada ya hapo ilitaja miili saba iliyookotwa kando ya barabara, na wengine tisa ambao hawakuwahi kufika nyumbani. Simulizi za wenyeji zinataja mamia. Mimi sitachagua namba. Nilikuwa nimekaa hapo na pampu mkononi, nimeshiba, na bado baridi ilikuwa inaniingia kwenye mifupa. Ilikuwa mwezi wa sita.

Tangu 1988 watu huitembea njia hiyo kila mwaka kuwakumbuka. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliitembea 1991.

Sasa rudi kwenye lile swali langu. Mwaka 1841 kaunti ya Mayo ilikuwa na watu karibu 389,000. Miaka kumi baadaye, 274,000. Sensa ya 2022 ilihesabu kama 138,000. Katika kisiwa kizima milioni moja hivi walikufa kwenye njaa ile, na zaidi ya milioni moja wakapanda meli. Ule utulivu ambao tovuti za baiskeli zinausifu, lile bonde ambalo unaweza kupiga picha bila kumwondoa mtu kwenye fremu, ni hesabu hiyo. Ukitazama vizuri kwenye miteremko, jua likiwa chini, utaona mistari sambamba kwenye nyasi. Nilidhani ni mapito ya kondoo. Ni matuta ya viazi.

Kaskazini kidogo kuna njia nyingine, Great Western Greenway, kilomita 42 kutoka Westport hadi Achill, ya baiskeli na miguu tu. Ilikuwa reli, ikafungwa 1937. Mojawapo ya treni zake za kwanza ilibeba maiti za vijana wa Achill waliozama 1894 wakienda kutafuta vibarua Scotland. Mojawapo ya za mwisho ilibeba maiti za vijana kumi waliochomeka huko huko Scotland, wakiwa vibarua vilevile. Leo watoto wanaipita na baiskeli za kukodi.

Lakini tairi langu bado linavuja.

Tairi la upepo lenyewe ni habari ya kisiwa hiki. Mskoti mmoja, Robert Thomson, alikuwa ameliandikishia hataza 1845, mwaka uleule viazi vilipooza, likasahaulika. Halafu John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akalitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo, na 1888 akapata hataza yake. Mei 1889 Willie Hume alishinda mbio Belfast akiwa juu ya matairi hayo ambayo wengi waliyacheka. Mwaka huohuo kampuni ikaanzishwa Dublin. Dunia nzima ikataka baiskeli, na baiskeli ikataka mpira.

Mpira wakati huo ulitoka msituni, sehemu kubwa ikiwa Amazon na Kongo. Kongo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Vijiji vilipangiwa kiasi cha kuleta. Wake walishikwa mateka mpaka waume warudi na mpira. Askari walidaiwa mkono wa maiti kwa kila risasi, na risasi zilipotumika kuwindia nyama, mikono ilikatwa ya walio hai. Mwaka 1903 balozi mdogo wa Uingereza alipanda mto akahoji wakimbizi karibu na ziwa Tumba, na ripoti yake ya 1904 ikamtikisa Leopold. Jina lake Roger Casement. Mzaliwa wa Dublin, aliyekulia Antrim.

Baadaye alimwandikia mwanahistoria Alice Stopford Green kwamba aliyaelewa aliyoyaona Kongo kwa sababu alitazama kwa macho ya watu ambao nao waliwahi kuwindwa. Uingereza ikampa cheo cha Sir mwaka 1911. Aprili 1916 alirudi Ireland kwa nyambizi ya Wajerumani, akatua ufuo wa Banna kule Kerry akitaka uasi uliopangwa uahirishwe, akakamatwa siku hiyohiyo. Tarehe 3 Agosti akanyongwa London.

Alikuwa ameomba azikwe Murlough Bay, Antrim. Mifupa yake ilirudishwa 1965 kwa sharti kwamba isipelekwe Ireland Kaskazini, ambako ndiko Murlough iliko. Amelala Glasnevin, Dublin.

Njia ya kwenda Murlough inapitia Torr Head, na hapo hakuna mhandisi aliyemhurumia mtu. Nilishuka nikasukuma. Juu kabisa, mawingu yalipofunguka kidogo, niliiona Scotland ng'ambo ya maji, na chini yangu ghuba yenyewe, kijani kibichi na kimya. Nikaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa mawe. Tairi la nyuma lilikuwa limeanza kulegea tena. Kiraka nilichobandika Doolough kilikuwa kimeachia.