Kamaru alihama, "Kuna Dawa" ilitoroka

Mwaka 1993 Joseph Kamaru, mfalme wa benga ya Kikuyu, alitangaza kwamba ameokoka. Akavunja bendi yake, akaanza injili. Mashabiki wengi hawakumfuata. Miaka kama kumi baadaye mambo yakageuka: Esther Wahome alibaki kanisani, ila "Kuna Dawa" yake ikatoroka, ikaingia matatu, ikaingia klabu. Kuna waliomlaumu yeye, kana kwamba ndiye alikuwa DJ.

Hapa Kipsongo, Kitale, nimeisikia ibadani asubuhi na kwa baa usiku, pengine spika ni zile zile za kukodi. Watu hulaumu mdundo. Mimi naona ugomvi ni wa mwenye wimbo. Yule mlevi anayeimba beti zote, macho amefunga, mnamweka upande gani?