Kastabini za Tony Iommi

Tony Iommi alikuwa na miaka 17, na ile ilikuwa siku yake ya mwisho kiwandani. Birmingham wakati huo ulikuwa mji wa vyuma na moshi, na kijana alikwisha kuaga ili akatafute riziki kwa gitaa. Kabla siku haijaisha, mashine ya bati ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye ni mashoto: mkono huo ndio unaobana nyuzi.

Alichofanya baada ya hapo kilikuwa kazi ya fundi zaidi kuliko ya msanii. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaifinyanga kuwa kastabini mbili, akazivika ngozi na kuzivaa vidoleni. Nyuzi za kawaida zilimshinda. Akafunga nyembamba, na baadaye akazilegeza, sauti ikashuka na kuwa nzito. Wengi huutafuta mwanzo wa hevi metali kwenye misalaba na mashetani. Kumbe ungetafutwa kwanza kwenye bati.

Wenzake watatu katika bendi ya Black Sabbath walikuwa watoto wa mtaa wa Aston, humo humo Birmingham: Ozzy Osbourne, mwimbaji aliyewahi kufanya kazi machinjioni, Geezer Butler wa besi na Bill Ward wa drams. Albamu yao ya kwanza waliirekodi kwa siku moja tu, Oktoba 1969, na ikatoka Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970. Inafunguliwa na mvua, radi na kengele ya kanisa.

Novemba 2011, wakiwa wazee wa miaka sitini na ushei, walitangaza kwamba watarekodi tena pamoja. Mara ya mwisho Ozzy kuimba albamu nzima na bendi hii ilikuwa mwaka 1978. Januari 2012 Iommi akagundulika ana saratani ya tezi za limfu. Mwezi uliofuata Ward akajitenga kwa sababu ya mkataba. Ratiba ya studio ikawa inafuata ratiba ya matibabu.

Prodyuza Rick Rubin aliwaketisha, akawapigia ile albamu yao ya kwanza. Akawataka wasahau kwamba hevi metali imekwisha kuzaliwa. Kwenye drams alikaa Brad Wilk wa Rage Against the Machine, mpigaji imara, ingawa ule mnyumbuko wa Ward, wenye harufu ya jazi, haukupata mrithi.

Albamu hiyo, *13*, ilitoka Juni 2013. Uingereza ilishika namba 1, jambo ambalo Black Sabbath hawakuwa wamelipata tangu *Paranoid* ya mwaka 1970. Marekani, ambako hawakuwahi kufika kileleni, iliuza takriban nakala 155,000 katika wiki ya kwanza, nako ikaongoza. Wimbo wa mwisho unapozimika, inabaki mvua, radi na kengele.

Tarehe 5 Julai 2025, uwanjani Villa Park, pale pale Aston, wanne wa awali walipanda jukwaani kwa mara ya mwisho, Ward akiwa kwenye drams zake na Ozzy ameketi kwenye kiti cha enzi. Walipiga nyimbo nne. Zote zilikuwa za mwaka 1970. Kutoka *13* haukupigwa hata mmoja. Ozzy alifariki siku 17 baadaye.